Shabaha ya mbali ukiwa Mwanza: mtutu, risasi na hewa ya Ziwa

Anayeanza kulenga shabaha ya mita 600 na kuendelea huuliza kwanza anunue bunduki gani. Swali litakalomwokolea fedha ni jingine: mtutu huu unakubaliana na risasi ipi? Viwili hivyo huchaguliwa pamoja.

Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambako hadi mwaka 2018 wapigaji walilenga hadi yadi 1,000 (mita 914), kipimo kilichozoeleka kilikuwa milimita 7.62 kwa 51 (upana wa risasi kwa urefu wa ganda) au ndugu yake .308 Winchester, chenye kichwa, yaani kipande kinachoruka, cha greni 155, karibu gramu 10. Kichwa hicho hutulia katika mtutu ambao mifuo yake, ile mikato ya ndani inayokizungusha, huzunguka mara moja kila inchi 12 au 13. Ukitaka greni 175 au zaidi, tafuta mzunguko wa inchi 10 au 11. Mzunguko ukiwa wa taratibu mno, yaani wa inchi nyingi mno, kichwa huyumba na kutoboa karatasi kiubavu. Ukiona tundu limerefuka badala ya kuwa duara, sababu huwa ni hiyo. Soma maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu na ununue risasi ya kipimo hicho tu, hata kama nyingine inaingia.

Chukua aina mbili au tatu, risasi 20 kila moja, kisha piga makundi ya risasi tano tano kwa mita 100, bunduki ikiegemea mfuko wa mchanga. Kundi lenye upana wa milimita 29 ni sawa na dakika moja ya digrii (sehemu moja ya 60 ya digrii), na kwa mita 900 litakuwa limepanuka hadi sentimita 26. Hata hivyo mita 100 huficha ubaya. Risasi mbili zikitofautiana mwendo kwa mita 10 tu kwa sekunde, kwa mita 900 zitaachana zaidi ya sentimita 20, moja juu, nyingine chini. Kwa hiyo tumia kipima mwendo, na ukipata risasi iliyo sawasawa, nunua nyingi za toleo hilohilo.

Sasa hewa, na hapa ndipo wengi wa kwetu hukosea. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, risasi haipungui mwendo haraka, hivyo jedwali la kulengea lililotengenezwa kwa usawa wa bahari litakufanya upige juu ya alama kwa zaidi ya nusu mita ukifika mita 900. Ukitumia programu ya simu ya kukokotoa njia ya risasi, angalia sana kanieneo ya hewa unayoingiza. Taarifa za hali ya hewa hutoa kiwango kilichorekebishwa hadi usawa wa bahari, karibu hektopaskali 1,013, ilhali kanieneo halisi hapa Mwanza ni kama 885. Ingiza hiyo halisi.

Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Upepo wa ubavuni wa mita moja kwa sekunde, ambao shavu halihisi vizuri, husukuma risasi kati ya sentimita 40 na 50 kwa mita 900. Asubuhi mapema kuna utulivu. Jua likishapasha majabali, mazigazi hucheza mbele ya darubini na alama huonekana kama inaelea. Risasi zikae kivulini, kwani baruti iliyopata joto huongeza shinikizo na mwendo. Usiiache risasi katika chemba iliyopata joto huku ukisubiri upepo.

Skrubu za darubini na za kitako zikazwe kwa spana yenye kipimo, kama mtengenezaji alivyoandika. Kundi likitawanyika ghafla, anza kukagua hapo kabla ya kulaumu risasi.

Umiliki ni kwa leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kujaza maganda upya bila kibali ni kosa. Piga kwenye uwanja ulioidhinishwa wenye tuta la udongo nyuma ya shabaha. Usielekeze mtutu ziwani kamwe: risasi hii husafiri zaidi ya kilomita tatu, na ikigonga maji au jabali hudunda, kuelekea waliko wavuvi.