Je, kudarizi humpumzisha mpiga kinubi mikono?

Wapiga kinubi wengi wanaopenda kudarizi huamini kwamba sindano ni mapumziko: ukichoka na nyuzi za kinubi, unaketi na kitambaa chako na mkono unapata nafuu. Dhana hiyo inaeleweka, maana sindano ni nyepesi, na kinubi kikubwa cha pedali kina nyuzi 47 zilizokazwa sana.

Lakini uzito wa sindano si hoja. Kinubi hupigwa kwa kidole gumba na vidole vitatu vinavyokifuata. Kidole cha mwisho hakitumiki. Anayedarizi naye huibana sindano kwa gumba na kidole cha shahada, mara nyingi na cha kati pia. Misuli mikubwa inayokunja vidole hivyo imekaa kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo, nayo huvuta kwa kano zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Basi misuli ile ile inafanya zamu mbili mfululizo. Kwa maoni yangu, kule kubana kusikokoma ndiko kunakochosha zaidi, kwa kuwa kwenye kinubi vidole hupata nafasi ya kulegea kila uzi ukishapigwa.

Unaweza kujipima. Kwa wiki mbili andika daftarini dakika za kila kazi na hali ya mkono asubuhi. Kisha badilisha jambo moja tu: hamishia kudarizi siku nyingine, au tumia sindano nene kidogo, au fremu ya kushikilia kitambaa inayosimama yenyewe. Linganisha kurasa. Ganzi ya usiku kwenye gumba na vidole vya jirani isisubiri daftari. Mwone daktari mapema.