Je, wajua? Kijana anayesimamiwa madaftari kila usiku anaweza kuzidi kujitenga na shule

Mpwa wangu alipoanza kidato cha kwanza alikuja kukaa kwangu, kwa kuwa shule aliyopangiwa iko karibu nasi. Nilikuwa na imani moja ambayo sikuwahi kuihoji: kijana ataishika shule kwa kadiri mkubwa wake anavyomkalia. Kwa hiyo kila tukimaliza kula usiku nilivuta meza chini ya taa, nikamwambia alete madaftari, nikakaa naye. Akikwama kwenye hesabu, nachukua kalamu. Sentensi ya Kiingereza ikipinda, nainyoosha. Alipofika kidato cha pili alikuwa analeta daftari limeshafunguliwa, analisukuma mbele yangu na kalamu juu yake, kisha anageuka kuangalia mlango. Mwalimu wa darasa akaniita. Akasema kijana hana vurugu, hatoroki, anaandika kila kinachoandikwa ubaoni. "Lakini hayupo."

Neno hilo lina uzito kuliko nilivyodhani siku ile. Mwaka 2004 watafiti watatu wa Marekani, Jennifer Fredricks, Phyllis Blumenfeld na Alison Paris, walipitia maandiko mengi kuhusu ushiriki wa wanafunzi, wakaonyesha kwamba jambo tunaloliita kwa jina moja lina sehemu tatu. Ipo ya matendo: kuhudhuria, kutii, kumaliza kazi. Ipo ya hisia: kuiona shule kuwa ni mahali pako. Na ipo ya akili: kukubali kuhangaika na jambo gumu mpaka ulielewe, hata kama hakuna anayekutazama. Mpwa wangu alikuwa na ile ya kwanza tu, na ndiyo pekee niliyokuwa nikiikagua.

Mwaka 2009 Nancy Hill na Diana Tyson walikusanya matokeo ya tafiti 50 kuhusu wazazi na watoto wa shule za kati za Marekani, umri wa miaka 11 hadi 14 hivi. Walitaka kujua, katika yote ambayo mzazi hufanya, lipi huendana na mtoto kufanya vizuri. Mzazi kufika shuleni kulionekana kuwa na faida. Kilichoongoza, tena kwa mbali, ni mazungumzo: kumwambia mtoto unatarajia nini kwake, kuongea naye kuhusu thamani ya elimu, kuyahusisha masomo na mambo anayoyapenda, kupanga naye ya mbele. Kumsaidia kazi za nyumbani ndiko kulikokwenda kinyume. Waliosaidiwa zaidi walielekea kuwa na matokeo ya chini.

Niliposoma hayo mara ya kwanza nilikataa, na sehemu ya kukataa kwangu ilikuwa ya haki. Ukienda zahanati utakuta watu wengi wenye homa, na hakuna atakayesema zahanati ndiyo inayoleta homa. Vivyo hivyo, mzazi huvuta kiti pale mtoto anapokuwa tayari ameanza kushindwa, na takwimu za namna hii peke yake haziwezi kutuambia kipi kilitangulia. Tena zilipima ufaulu, si mapenzi ya shule. Na mtoto wa Marekani si mtoto wa Mbagala wala wa Kisumu. Kwa hiyo sisemi kwamba kusaidia kunaharibu. Ninachosema ni kwamba ile imani yangu, kwamba kadiri unavyosimamia ndivyo kijana anavyoshika, haina mguu wa kusimamia. Niliibeba kwa miaka na kuwahubiria wengine.

Kwa nini basi usimamizi wenye nia njema unaweza kumpoza kijana? Lugha yetu inalo jibu ndani ya neno moja: kujituma. Kutuma kunahitaji watu wawili, mtumaji na anayetumwa. Ile "ji" inawafanya kuwa mtu mmoja. Kijana anayejituma ndiye anayejitolea amri na ndiye anayekwenda. Kila usiku niliposema "lete madaftari" nilikuwa nimekikalia kiti cha mtumaji, na kiti hicho hakikaliwi na wawili. Kilichobaki kwake ni kutumwa, na mtu wa kutumwa hufanya kile alichotumwa, akarudi, akangoja. Ndiyo maana mpwa wangu alikuwa akiangalia mlango. Kazi ile ilikuwa yangu, yeye aliileta tu.

Upande wa pili ni uwezo. Fikiria unamfundisha mtu kusukuma chapati, na kila mara chapati inapoanza kuwa na pembe unaweka mikono yako juu ya mikono yake. Chapati itatoka duara. Lakini mwanafunzi wako atajifunza kwamba duara linatoka mikononi mwako, na siku usipokuwepo ataogopa hata kugusa unga. Akiachiwa atoe chapati mbili tatu zenye umbo la ramani, ya nne atahisi mahali mkono unapozidi. Hisia hiyo ya "nimeanza kuweza" ndiyo inayomrudisha mtu jikoni kesho yake. Mimi nilikuwa nainyang'anya kila usiku kwa kalamu nyekundu.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wamejenga nadharia nzima juu ya mambo haya: mtu hudumu na kazi pale anapohisi ni hiari yake, kwamba anaiweza, na kwamba yuko na watu wanaomjali. Mwaka 1971 Deci aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu michezo ya vibao vya kuunganisha. Baadhi yao walilipwa kwa kila umbo walilotengeneza. Malipo yalipokoma, walielekea kuuchezea muda mfupi zaidi wakati wa mapumziko kuliko wale ambao hawakulipwa kabisa. Kundi lilikuwa dogo na wataalamu wamelibishania jaribio hilo kwa miaka mingi, lakini picha yake hainitoki: mchezo ulikuwa wao, ukageuka kibarua.

Si kila kupoa ni kwa namna hii. Mwili wenyewe unachangia. Kuanzia balehe saa ya ndani ya mwili husogea mbele, usingizi unachelewa kuja, na kijana anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri anasinzia darasani bila kuwa mvivu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza mwaka 2014 shule za vijana zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Na binti anayekosa pedi, au mvulana aliyetembea kilomita nyingi bila kunywa hata chai, hawa mazungumzo ya kujituma yawasubiri. Walishwe kwanza.

Kinachonipa moyo ni kwamba njia hii ya mazungumzo inawafikia hata wazazi waliokwisha kujihesabu nje. Tanzania ilipoondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, nyumba nyingi zilipata mtu wao wa kwanza sekondari. Na hapo hapo masomo yanatoka Kiswahili yanaingia Kiingereza, na mzazi anasema, "Mimi sikusoma, nitamsaidia nini?" Jirani yangu anauza vitumbua, na elimu yake ni darasa la saba. Jioni moja nilimsikia akimuuliza binti yake wa kidato cha pili, mkono ukiwa ndani ya ndoo: "Hivi wamewaambia kwa nini unga unaumuka?" Binti hakujua. Kesho yake alimfuata mwalimu wa baiolojia, akarudi na maelezo ya hamira: ni viumbe hai wadogo, wanakula sukari, wanatoa hewa ya kaboni dioksidi, na hewa hiyo ndiyo inayoinua unga. Alimweleza mama yake kwa Kiswahili mpaka mwisho. Mama akauliza mbona siku za baridi unachelewa. Binti akarudi tena kwa mwalimu.

Sikumwacha mpwa wangu ghafla, maana kumtelekeza mtu si kumpa hiari. Tulikubaliana apange mwenyewe saa ya kusoma, nami nikae sebuleni na kazi zangu, aniite akitaka. Nilianza pia kumuuliza anataka kufanya nini mbele, jambo ambalo katika mwaka mzima wa kukagua madaftari sikuwahi kuliuliza. Akasema pampu za maji. Jumamosi moja tulikwenda kwa fundi anayezitengeneza, akakaa pale hadi adhuhuri. Hesabu zake hazikupanda haraka, na muhula ule alipata alama zile zile. Ila usiku mmoja aliniita, daftari la fizikia likiwa upande wake wa meza, sura ya mgandamizo. Nikanyoosha mkono kama nilivyozoea. Akaliwekea kiwiko juu na kusema, "Mjomba, usiandike. Nisikilize kwanza, uniambie nimekosea wapi."