Je, wajua kwa nini ndege ya kivita hutunguliwa na watu wake wenyewe?

Ukimtajia mtu wa Mwanza ndege na Vita vya Kagera, atakuonyesha kisiwa cha Saanane. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, iliukosa mji mzima ikaangusha mzigo wake kisiwani humo, kwenye hifadhi ya wanyama, na kuua swala. Kisa hicho kinajulikana. Kinachosimuliwa kwa nadra ni cha ufuko wa upande wa Mara, miezi kadhaa nyuma, vita vilipokuwa bado vichanga: ndege tatu za kivita za Tanzania zilitunguliwa karibu na Musoma, na waliozitungua walikuwa walinzi wa anga wa Tanzania. Walidhani ni za Amin.

Waliwezaje kutozijua ndege zao? Jibu linalokuja haraka, ambalo hata wapenzi wa habari za ndege hulishikilia kwa miaka, ni kwamba enzi hizo vifaa vilikuwa duni. Siku hizi, tunaambiana, rada humwonyesha rafiki kwa rangi moja na adui kwa rangi nyingine, hivyo anayekosea ni mzembe tu. Jibu hilo si sahihi. Hakuna kifaa kinachomtambua adui. Hakikuwepo 1978 na leo hakipo. Kilichopo kinaweza kumtambua rafiki, tena pale tu rafiki huyo anapojibu. Tofauti ya mambo hayo mawili inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyoua watu wengi.

Rada yenyewe hupokea mwangwi. Hutuma mawimbi, yakagonga kitu na kurudi, nayo ikapima umbali, uelekeo na mwendo. Mwangwi hauna uraia. Zipo rada zinazojaribu kukisia aina ya ndege kwa namna mapanga ya injini yake yanavyochezesha mwangwi, lakini aina nayo haitoshi. Mwaka 1978 Uganda ilirusha MiG-21, na Tanzania ilikuwa na ndege za Kichina aina ya F-7, ambazo ni nakala ya MiG-21 hiyohiyo. Hata rada kamilifu ya kusoma aina ingewaambia walinzi wa Musoma neno moja kwa ndege za pande zote mbili.

Kwa hiyo utambulisho hupitia njia nyingine kabisa, iliyobandikwa juu ya rada. Chombo cha ardhini au cha melini hutuma swali kwa masafa ya megahezi 1030. Transponda iliyo ndani ya ndege hulisikia na kujibu kwa megahezi 1090. Jibu huwa ni msimbo. Ule wa kawaida, ambao hata ndege ya abiria inayoshuka Mwanza huutumia, una tarakimu nne na kila moja ni kati ya 0 na 7, kwa hiyo misimbo yote ni 4,096. Jeshi huongeza njia zake, na ile ya siri hutumia funguo zinazobadilishwa kila baada ya muda ili adui asiweze kuiga jibu.

Wafikirie sungusungu wa Usukumani kwenye doria ya usiku. Wamekubaliana neno la usiku huo. Kivuli kinatokea njiani kutoka mwaloni, wanauliza, kinajibu neno sahihi: huyo ni mwenzao, apite. Kivuli cha pili kinaulizwa na kunyamaza. Je, ni mwizi? Huenda. Huenda pia ni kiziwi, ni mgeni aliyeshuka kwenye mtumbwi jioni hiyo, ni mwanakijiji aliyekariri neno la jana, au alijibu upepo ukalibeba jibu. Kimya kina maana ishirini, na wizi ni mojawapo tu. Mfumo wa transponda uko hivyohivyo. Hutoa majibu mawili tu, “rafiki” na “sijui”, na vita ndivyo vinavyomsukuma mtu aisome “sijui” kama “adui”.

Sababu za kimya hicho kwenye ndege zinafahamika vizuri. Antena ya tumboni hufunikwa na mwili wa ndege inapolala upande kupiga kona. Ndege mbili zinazokaribiana sana hujibu kwa pamoja, majibu yakagongana kama watu wawili wanaosema simuni kwa mkupuo. Kwenye mifumo mingi funguo za siri hufutika umeme unapozimwa, kwa makusudi, ili ndege ikitekwa isitoe siri. Rubani akisahau kuzishikiza kabla ya kuzima, ataruka safari ya pili akiwa bubu. Na umeme wa transponda hukatika. Tarehe 23 Machi 2003 ndege ya Uingereza aina ya Tornado GR4, ikirudi kambini Kuwait, ilipigwa na kombora la Patriot la Marekani na watu wake wawili wakafa. Uchunguzi wa Waingereza uliona kuwa yaelekea transponda yake ilikuwa na hitilafu ya umeme. Uliona pia upande wa pili wa kosa: kikosi cha Patriot kilikuwa hakijawekewa misimbo ya njia nyepesi isiyo ya siri, kwa hiyo hata jibu hilo lisingepokelewa. Aliyeulizwa alikuwa bubu, naye muulizaji alikuwa na sikio moja.

Kuna hali ngumu zaidi ya kimya, nayo ni jibu la mtu mwingine. Simama Kirumba, ufukoni Mwanza, usiku na uite mtumbwi ulio mbele yako majini; anayejibu akawa mtu wa ng’ambo ya pili, kwenye mstari uleule wa sauti yako. Ukishindwa kupima muda jibu lilivyochelewa, utaamini ni la mtumbwi. Chombo cha kuuliza hupima muda huo. Swali na jibu hutumia takriban mikrosekunde 6.7 kwa kila kilomita ya umbali, pamoja na mikrosekunde 3 za transponda yenyewe, kwa hiyo ndege iliyo kilomita 20 hujibu baada ya mikrosekunde 136 hivi. Opareta huweka dirisha la umbali ili kifaa kisikilize majibu ya muda huo tu, na dirisha hilo lazima lisogezwe kadiri ndege inavyosogea.

Tarehe 3 Julai 1988 meli ya Marekani USS Vincennes ilikuwa ikiifuatilia ndege iliyoruka kutoka Bandar Abbas, Iran. Ilikuwa Airbus A300 ya Iran Air, safari namba 655 kwenda Dubai, ikijibu msimbo wa kiraia 6760 kama inavyotakiwa. Lakini mmoja wa mabaharia alisoma pia msimbo wa kijeshi 1100. Maelezo ya uchunguzi ni kwamba yaelekea dirisha lake la umbali lilibaki uwanjani Bandar Abbas, ambako kulikuwa na ndege za kivita, huku Airbus ikiwa imeshaondoka. Meli ilirusha makombora mawili. Watu wote 290 walikufa.

Je, macho hayawezi kusaidia? Kidogo mno. Mabawa ya MiG-21 kutoka ncha hadi ncha ni mita 7.15. Ikikujia uso kwa uso kutoka kilomita 5 juu ya ziwa, upana huo wote ni kama sehemu moja ya sita ya mwezi mpevu, na kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa una sekunde 20 kabla haijafika kichwani pako. Alama za bawani hazisomeki. Hata ukiwa karibu kabisa, jicho huona kile lilichotayarishwa kuona. Tarehe 14 Aprili 1994 marubani wa F-15 za Marekani walizipita helikopta mbili kaskazini mwa Iraki, wakaziita Hind za Kirusi na kuzipiga. Zilikuwa Black Hawk za Marekani. Zilibeba matangi ya ziada ya mafuta pembeni yanayofanana na vibawa vya Hind, na transponda zao zilikuwa zikijibu msimbo wa nje ya eneo lile badala ya ule wa ndani. Walikufa watu 26.

Kwa kuwa “sijui” haiepukiki, majeshi huamua mapema itaangukia upande gani, na uamuzi huo una ngazi tatu. Katika ngazi kali kuliko zote, mlinzi hupiga chochote ambacho hakijathibitishwa kuwa rafiki. Ya kati humruhusu kupiga tu kilichothibitishwa kuwa adui. Ya chini humzuia kabisa, labda ajihami au apewe amri. Ndege moja, rada moja na askari mmoja huleta matokeo tofauti kulingana na ngazi ya siku hiyo. Zaidi ya hapo hutengwa njia za kupita: kimo fulani, uelekeo fulani, saa fulani. Njia hiyo hufaa pale tu taarifa inapomfikia kila mwenye kidole kwenye kifyatulio, na wiki za mwanzo za vita ndizo taarifa husafiri vibaya kuliko wakati wowote.

Usiku wa 11 Julai 1943, ndege 144 za Marekani zilipeleka askari wa miamvuli Sicily kwa njia iliyokubaliwa. Muda mfupi kabla, ndege za Kijerumani zilikuwa zimeshambulia meli zilizokuwa pwani. Kundi la kwanza lilipita salama. Kisha bunduki moja ikafyatua, na kila aliyesikia akaamini mwenzake ameona kitu. Moto ukaenea pwani nzima. Ndege 23 ziliangushwa. Kabla ya uvamizi wa Normandy wa 1944, maelfu ya ndege za washirika zilipakwa mistari mitano mipana, mitatu myeupe na miwili myeusi, ili hata askari asiye na rada aione.

Ndege ya abiria haina ulinzi hata huo. Inajibu msimbo wake wa wazi, lakini jibu hilo halimwambii mwenye kombora jambo lolote la siri la kumtuliza, na wakati mwingine hana hata kifaa cha kulisikia. Kinga yake ya kweli ni anga kufungwa. Tarehe 17 Julai 2014 anga ya mashariki mwa Ukraine ilikuwa imefungwa hadi futi 32,000. MH17, ndege ya abiria ya Malaysia, ilikuwa futi 33,000, mahali ambapo kombora la Buk hufika bila taabu, na abiria na wahudumu wote 298 walikufa. Kuhusu PS752, ndege ya abiria ya Ukraine iliyotunguliwa Tehran tarehe 8 Januari 2020 ikiwa na watu 176, Iran ilieleza kwamba kikosi chake cha makombora kilihamishwa na rada yake haikulinganishwa upya na kaskazini, ikakosea kwa digrii 107, hivyo ndege iliyokuwa ikiondoka ikaonekana inakuja. Kanada, iliyopoteza raia wengi humo, haikuyakubali maelezo hayo kuwa kamili, na msomaji ayapime hivyo.

Mfumo mpya wa kijeshi wa kuulizana umeboresha usiri na kupunguza majibu yanayogongana. Swali lake limebaki lilelile, na kimya bado ni kimya. Tarehe 22 Desemba 2024, katika Bahari ya Shamu, ndege ya Marekani aina ya F/A-18 ya manowari kubwa Harry S. Truman ilipigwa na kombora la USS Gettysburg, meli ya msafara wake yenyewe, katika usiku ambao meli hizo zilikuwa zikikabili droni na makombora. Wanahewa wawili waliokuwa ndani waliruka kwa viti na kuopolewa baharini wakiwa hai.