Tafadhali Msivioshe

Simu hiyo nimeshaizoea. Mzee fulani Mji wa Kale, Mombasa, amefariki, Mungu amrehemu, umri wake wote alikuwa akikusanya vitu vya kale, nyumba imejaa hadi ngazini, na watoto wameamua igeuzwe makumbusho, wanataka niwasaidie. "Ni kufungua mlango tu, vitu viko tayari." Ya mwezi uliopita ilikuja na nyongeza: "Na usiwe na wasiwasi, ami, tumeshavisafisha."

Nikaenda. Kabati la vioo lilikuwa limejaa mabakuli ya Kichina yanayong'aa kama ya harusi. Nikageuza moja. Chini yake palikuwa na alama ya gundi, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. La pili, vivyo hivyo. La tatu, vivyo hivyo. Nikauliza hapa palikuwa na nini.

"Vikaratasi tu," kijana akanijibu. "Vya namba namba. Tumeviloweka na sabuni ya unga, vimetoka vizuri."

Nikaomba maji ya kunywa.

Sasa naandika, kwa sababu nimechoka kulisema hili barazani kwa mtu mmoja mmoja. Nyumba yenye vitu vya kale ni nyumba yenye vitu vya kale. Kinachoifanya makumbusho ni habari za vile vitu: kimetoka wapi, kwa nani, lini, na kilikuwa kikifanya kazi gani. Bakuli la Kichina peke yake linasema kwamba Wachina walijua kufinyanga, jambo ambalo halina mbishi. Bakuli linalojulikana kuwa lilitoka kijiji fulani, kwenye ukuta wa nyumba fulani, linasema nani pwani hii alikuwa na uwezo wa kununua, na alitaka wageni wake waone nini wakiingia.

Na kuna swali ambalo wauzaji hawalipendi. Mabakuli ya aina hii yalikuwa yakipachikwa kwenye makaburi ya nguzo, yale makaburi ya kale ya pwani yenye nguzo ya mawe, na kaburi la namna hiyo liko Mambrui, kaskazini ya Malindi. Lililong'olewa kaburini mara nyingi hubaki na chokaa mgongoni. Chokaa hiyo ni ushahidi, tena ushahidi mchungu, maana inatuuliza kama hiki kitu tunapaswa kukionyesha au kukirudisha. Wale vijana waliisugua kwa brashi ya nguo. Labda hapakuwa na chokaa yoyote. Hatutajua tena.

Anayedhani natia chumvi aingie Fort Jesus, ngome ya Wareno hapa Mombasa. Jahazi la Kireno, Santo António de Tanna, lilizama chini ya ngome mwaka 1697, wakati ngome imezingirwa na adui, mzingiro ulioanza mwaka mmoja nyuma. Wapiga mbizi walilichimbua kati ya 1977 na 1980, na kila kigae kiliandikwa mahali kilipolala. Mtungi uliovunjika wa jahazi lile, kwangu mimi, una thamani kuliko kabati zima la mabakuli mazima yasiyo na kwao. Watu hucheka nikisema hivi. Wacheke.

Jambo la pili: mkusanyaji hukusanya anachokipenda. Hana kosa, ni mali yake. Lakini ukiandika mlangoni "Historia ya Pwani" kisha ndani mna makasha ya njumu, mirashi, vyetezo na majambia, umetuambia historia ya sebule ya tajiri. Mbuzi ya kukunia nazi iko wapi? Dema la mvuvi? Mtumwa aliyebeba ile pembe ya ndovu iliyopambia kiti cha enzi, yuko wapi? Hayo makasha nayo, yanayoitwa ya Zanzibar, mengi yalitoka India. Na mengine, samahani, yamepigwa njumu juzi na kuzeeshwa kwa chai na jua.

Mlango wa kuchonga usiguswe. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inataja milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 kuwa vitu vinavyolindwa. Ulizeni kwanza. Saruji pia msipake: ukuta wa matumbawe unapumua kwa chokaa, na ukiuziba, unyevu unarudi ndani na kula boriti.

Na mirathi! Mzee akiandika wosia kwamba nyumba nzima iwe makumbusho, wosia wa Muislamu hauvuki thuluthi bila ridhaa ya warithi. Anayetaka kweli aweke wakfu akiwa hai na mwenye afya, mashahidi wakiwepo. Hata mipango ya mapema hailindi kila kitu. Joseph Murumbi, makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966, alikuwa mkusanyaji mkubwa kuliko wote niwajuao nchini. Vitu vyake utavikuta Nyaraka za Taifa, Nairobi. Nyumba yake ya Muthaiga ilibomolewa.

Nikiri na langu. Hata hizo habari ninazozililia siziamini zote. Mkusanyaji aliandika kama muuzaji alivyomwambia, na muuzaji alisema litakaloongeza bei. Niliwahi kuandika kwenye kibao cha maelezo "kutoka Siyu", mji wa kale wa kisiwa cha Pate, kwa sababu mzee mmoja alinihakikishia, kisha nduguye akaja akacheka: kilinunuliwa Marikiti, sokoni hapa mjini. Siku hizi naandika nani kasema na siku aliyosema, basi. Na bado sijui kama ni bora kuacha vyumba kama mwenyewe alivyovipanga, au kuvipangua vieleweke. Nimefanya yote mawili, na mara zote mbili nimejuta.

Wakati naaga, binti wa marehemu alinifuata hadi ngazini na daftari la shule lililofungwa kwenye kanga. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mkono mzuri, namba moja hadi mia na kumi na mbili. Nikasoma: "23, bakuli dogo lenye ufa, Mambrui, kwa mjane wa nahodha."

Tukarudi kabatini pamoja, tukayatoa mabakuli madogo, tukayapanga mkekani. Yenye ufa yalikuwa manne.