Pampu Ndogo Zisizo na Vali: Msizifungue Kutafuta Kilichopungua

Karakana yetu ya vifaa vya maabara imekuwa ikipokea malalamiko kwamba pampu ndogo mpya zimeletwa pungufu, hazina vali, yaani vilango vinavyozuia maji yasirudi nyuma. Tunajua wanaolalamika wana nia njema. Ila pampu hizo hazikosi kitu, na hili tumeshalieleza zaidi ya mara moja.

Ndani mna chemba iliyofunikwa kwa kiwambo chembamba, na juu ya kiwambo kimebandikwa kipande cha seramiki kinachojikunja kila umeme unapokipiga. Chemba ina njia mbili zenye umbo la faneli, zote zikipanuka kuelekea kule maji yanakopelekwa. Maji yakipitia upande mwembamba kwenda mpana, hupunguza mwendo taratibu na kupoteza nguvu kidogo tu. Yakilazimishwa kinyume, huchupa kwenye tundu jembamba na nguvu kuishia katika msukosuko. Basi kiwambo kikiinuka, tuseme yanaingia matone 10: 6 kwa njia ya kuingilia, 4 yakirudi kwa njia ya kutokea. Kikishuka, 6 husonga mbele, 4 hurudi nyuma. Kila mzunguko umesogeza matone 2. Erik na Göran Stemme wa Sweden walilionyesha hili mwaka 1993. Hakuna cha kulika wala kukwama, na seli hai zilizomo kwenye kimiminika hazibanwi na vali.

Pampu ikizimwa, njia hubaki wazi. Chupa ikiwa juu, maji yatatiririka yenyewe. Huo si ubovu. Baneni mpira wa kupitishia maji kwa kibanio.

Iliyoletwa juzi ilikuwa na skrubu zilizolegezwa. Chini ya kiwambo kulikuwa na kiputo cha hewa, kidogo kama punje ya mtama. Kiwambo kinavuma, maji hayasogei: kiputo kinabanwa na kutanuka badala ya maji kusukumwa.

Pampu ikigoma, izimeni, mfunge lebo yenye tarehe, saa na aina ya kimiminika, kisha mjaze fomu nakala mbili. Nakala moja hubaki kitengoni. Mkuu wa kitengo asaini zote mbili, si msaidizi wake. Iliyofunguliwa bila idhini hupoteza dhamana, gharama hulipwa na kitengo husika, na hatuipokei bila maelezo ya maandishi. Msichokonoe faneli kwa sindano; pembe yake ikiharibika, pampu imekwisha.

Kabla ya fomu, pitisheni kwanza maji yaliyochemshwa yakapoa. Mara nyingi kiputo huondoka nayo, na fomu haihitajiki tena.