Plasmidi ya kukloni yenye jeni ya binadamu ni kitu gani?

Ukitaja kukloni jeni ya binadamu, wengi akili inakimbilia kwa mtu anayetengenezwa maabara. Hapana jamani. Kukloni hapa ni kupata nakala nyingi za kipande kimoja cha DNA, basi. Na plasmidi ni DNA ndogo ya duara, kama pete, inakaa ndani ya bakteria kando na kromosomu yake na inanakiliwa kivyake. Jina hilo alilitoa mwanasayansi wa jenetiki Joshua Lederberg mwaka 1952.

Ili jeni iingie inabidi pete ikatwe. Enzaimu ya EcoRI kwa mfano inatafuta herufi za DNA zilizopangika GAATTC, ikizikuta inakata hapohapo, halafu jeni inapachikwa kwenye lile pengo na enzaimu nyingine, ligasi, inaunga. Baada ya hapo plasmidi inaingizwa kwa bakteria wa E. coli, mara nyingi kwa kuwashtua na joto la nyuzi 42 kwa muda mfupi tu. Wengi hawaipokei, ndio maana plasmidi inabeba pia jeni ya kuhimili dawa kama ampisilini, ukiwaotesha kwenye chakula chenye dawa hiyo walioikosa hawaoti, walioipata wanazaana karibu kila dakika 20 na kila mmoja ana nakala zake.

Kitu kinachonifurahisha zaidi mimi ni hiki: jeni zetu nyingi zina vipande katikati vinaitwa introni, seli zetu zinavikata vikishanakiliwa kwenye RNA, yaani nakala ya muda ya jeni, lakini E. coli hana huo ufundi, sasa watafiti wanachukua RNA iliyokwisha kukatwa wanaigeuza kuwa DNA tena. Hiyo ndiyo cDNA, na mara nyingi ndiyo utaikuta kwenye plasmidi, sio jeni nzima kama ilivyo mwilini.

Halafu tafadhali usichanganye plasmidi ya kukloni na ya kutoa protini. Ya kukloni, mfano pUC19 yenye jozi 2,686 za herufi, kazi yake ni kutunza jeni na kuizidisha, ukiitia kwenye seli za binadamu usitegemee protini maana haina promota, yaani kipande cha DNA kinachoiambia seli ianze kusoma jeni, inayofanya kazi humo. Inabidi uihamishie jeni kwenye plasmidi nyingine yenye promota inayofaa. Insulini ya binadamu ilipatikana hivyohivyo, kwa jeni kuwekwa kwenye plasmidi ambayo E. coli anaweza kuisoma, ilikuwa 1978, na Marekani ikaidhinisha dawa yake 1982.

Na ukipewa plasmidi usiamini lebo ya kichupa peke yake, isomwe herufi kwa herufi kwanza, kwa sababu herufi moja ikikosewa protini inaweza kuharibika, na kama pande zote mbili zilikatwa na EcoRI jeni inaweza kuwa imeingia kinyume.