Mlibertari si mtu asiyetaka serikali

Imezoeleka kusemwa kwamba mlibertari, yaani mtu anayetanguliza uhuru wa mtu binafsi katika siasa, hataki serikali wala sheria, na kila mmoja ajifanyie apendavyo. Maelezo hayo yanawaonea wengi wao.

Swali lao la msingi ni hili: ni lini inafaa kumlazimisha mtu kwa nguvu? Wengi hujibu kwamba ni pale tu anapomdhuru mwenzake, kumwibia, kumlaghai au kuvunja mkataba. Ndiyo maana mwaka 1974 mwanafalsafa wa Marekani, Robert Nozick, alitetea dola ndogo yenye polisi na mahakama, akiwapinga kwa kirefu wanaotaka dola ifutwe kabisa. Hao nao wapo, mchumi wa Marekani Murray Rothbard akiwa mmoja wao, lakini ni tawi moja tu.

Wala si kweli kwamba wote hawawajali maskini. Mwaka 1962 mchumi mlibertari wa Marekani, Milton Friedman, alipendekeza serikali iwape fedha watu wa kipato cha chini kupitia mfumo wa kodi. Friedman huyohuyo alikuwa katika tume iliyopendekeza, mwaka 1970, Marekani iache kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima. Uandikishaji huo ulikoma 1973. Kwangu mimi, itikadi hii inaeleweka vizuri zaidi katika suala hilo la kulazimishwa jeshini kuliko kwenye mabishano ya kodi.

Hoja nzito za kuipinga zipo, hasa kuhusu mtu anayekubali mkataba mbaya kwa sababu ya njaa. Walibertari wenyewe wanabishana juu yake hadi leo.